Mkono wa Mfalme kwenye Shingo ya Mama

Nilikuwa namsuka mama nywele, Jumamosi, nyumbani kwetu Kingstanding, huku Uingereza, kidole changu kikakutana na uvimbe chini ya sikio lake la kushoto. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama harage lililolowekwa. Nikamuuliza kama unauma, akasema hauumi, nisuke tu asije akaenda kanisani kesho yake na kichwa nusu. Mimi si mtu wa subira, na hiyo kidogo niliyo nayo mama yangu huimaliza mapema, kwa hiyo tulibishana mpaka nikafika kisogoni, na wiki iliyofuata nikampeleka kwa daktari.

Yakafuata ya hospitali: damu, picha, sindano ya kuchukua majimaji ya kwenye uvimbe. Majibu yalipotoka, lile harage lilikuwa limeshapata wenzake wawili. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alitueleza kwamba ni TB, ila ya tezi za shingo, si ya mapafu, na mama hawezi kumwambukiza mtu. Dawa ipo, ni vidonge vya kumezwa kila asubuhi kabla ya kula, miezi sita, bila kuruka. Akiacha, ugonjwa unaweza kushuka kwenye uti wa mgongo au kupanda kichwani. Nilitafsiri yote, hata yale ambayo ningependa kuyameza. Halafu daktari, nadhani kwa kutaka kutufariji, akasema kwamba zamani huku Ulaya ugonjwa huu waliuita ugonjwa wa mfalme, kwa sababu watu waliamini mfalme anaweza kuuponya kwa kuugusa.

Hilo sikulitafsiri. Halikuwa na haja. Mama hajui Kiingereza, lakini alikuwa analijua jambo lenyewe kuliko daktari, na mimi pia, kwa sababu mume wake na baba yangu alikuwa mtu mmoja.

Baba alifundisha historia Bukavu. Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, na Wafaransa hatukuwa na deni nao lolote, lakini vitabu vilivyobaki kwenye kabati la shule yake vilikuwa vya wafalme wa Ufaransa, basi akafundisha wafalme wa Ufaransa. Watoto wa wauza samaki na wa askari walijua nani alimrithi nani katika ule msululu wa wafalme wenye jina moja na namba tofauti. Walijua habari za ile ikulu kubwa ambamo mabwana wakubwa, watu wenye majeshi na ardhi, waligombania heshima ya kumshikia mfalme shati akivaa asubuhi. Baba alikuwa akisema kwamba ndivyo mfalme alivyowamaliza: mtu anayepigania kushika shati hana tena muda wa kupanga uasi. Darasa lilicheka huku midomo imefungwa, maana na sisi wakati ule tulikuwa na mkubwa wetu, rais, ambaye kila jioni televisheni ilimwonyesha akishuka kutoka mawinguni.

Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mafuta na mkono. Mfalme wa Ufaransa, siku ya kutawazwa katika kanisa kuu la mji wa Reims, alipakwa mafuta yaliyosemekana yaliletwa na njiwa kutoka mbinguni. Akishapakwa, hakuwa tena mtu kama wengine. Wagonjwa wa shingo walikuja kutoka kila upande, wakapiga magoti kwa safu, naye akapita akimgusa kila mmoja usoni na kumwambia: mfalme anakugusa, Mungu anakuponya. Mamia kwa siku moja, wakati mwingine maelfu. Wengine walivuka milima kutoka Hispania.

Baba alikuwa na tabia ya kufanya mazoezi ya masomo yake nyumbani, jioni, akitembea kati ya mlango na meza. Mimi nikilala, mama akichambua mboga ya kesho. Na somo hili alilifanyia mazoezi sana, ila nusu yake ya kwanza tu: kanisa, mafuta, njiwa, safu za wagonjwa, mkono. Hiyo ndiyo ilihitaji sauti. Nusu ya pili ilikuwa ya kejeli, na kejeli kwa baba haikuhitaji mazoezi, ilikuja yenyewe akiwa amesimama mbele ya darasa. Huko ndiko alikosema kwamba madaktari wa mfalme waliwakagua wagonjwa kwanza. Kwamba kila aliyeguswa alipewa sadaka, na wako waliorudi kuguswa tena. Kwamba tezi hizi huvimba na kunywea zenyewe, mtu akadhani amepona. Waliopata nafuu walirudi kusimulia, alikuwa akisema, na waliokufa hawakurudi kulalamika.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, nikaipata nusu ya pili darasani. Mama hakupita darasa la tano. Alipata nusu ya kwanza, sebuleni, kwa mdomo wa mtu aliyempenda.

Vidonge alianza kuvimeza vizuri. Nilikuwa nampa mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni vidonge: kuvipeleka, kusimama, kuhakikisha vimemezwa. Najua kubembeleza. Najua mzee anayeficha kidonge chini ya ulimi na mzee anayetaka kwanza nimsifie nywele zake. Nikajiambia kwamba mama hatanishinda mimi, fundi wa vidonge. Baada ya wiki kadhaa harage mojawapo likaanza kunywea, nikafurahi, nikampikia ndizi na maharage kama sikukuu.

Kanisa letu linakutana katika ukumbi wa kukodi Saltley, juu ya karakana ya magari. Ukiimba unasikia harufu ya rangi ya kupulizia. Mchungaji ni mtu wa Uvira, wa makamo, siku za wiki anapakia mizigo kwenye bohari, Jumapili anatuchunga. Ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu hadithi ya namna hii watu hutafuta mwovu wake, na mimi nilimtafuta sana, sikumpata. Jumapili moja aliita wagonjwa mbele. Mama akaenda. Akapakwa mafuta ya zeituni, yale ya chupa kubwa ya plastiki kutoka dukani Stratford Road, akawekewa mkono shingoni, tukaomba wote, na mimi niliomba kwa moyo. Sikuona ubaya. Dawa ifanye kazi yake na maombi yafanye yake.

Jumapili iliyofuata mama akasimama kutoa ushuhuda.

Aliyekulia katika makanisa yetu anajua uzito wa jambo hilo. Kuombewa ni faragha hata kama ukumbi umejaa. Ushuhuda ni kitu kingine. Ukishasimama ukashika kipaza sauti ukasema Bwana ameniponya, watu wakarukaruka, kina mama wakapiga vigelegele, umefunga mlango nyuma yako. Huwezi Jumatatu kuonekana unameza dawa ya ugonjwa uliosema umeondoka. Utakuwa umemfanya Mungu mwongo, na kanisa zima mashahidi wa uongo. Mama alishika shingo yake mbele ya watu, akawaonyesha pale palipokuwa na harage. Niliwaona wanavyolia. Nami nikapiga makofi, kwani ningefanya nini, nikamtazama mama anavyong'aa.

Mama si mtu wa kuficha. Asubuhi iliyofuata aliniwekea boksi la vidonge mezani, limefungwa vizuri, akaniambia nilirudishe hospitali wakawape wagonjwa.

Nilianza kwa upole, huo upole wa kazini. Siku ya tatu nilikuwa napayuka. Nikamwambia yaliyosemwa na daktari kuhusu uti wa mgongo. Nikamwambia kwamba uvimbe ulinywea kwa vidonge, si kwa mafuta ya Stratford Road. Kuna methali moja ambayo kila Mswahili ameshaijua kabla sijaitaja, na sikuthubutu kuitamka nyumbani, kwa sababu inataja sikio na kufa na dawa kwa pumzi moja. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kama mtu anayengoja mvua ipite, halafu akaniambia kitu ambacho sikukitarajia.

“Papa yenu alisemaka: mufalme anagusa, Mungu anaponesha. Ugonjwa ni huu huu. Hata bazungu baliujua.”

Nikamwambia kwamba baba alikuwa anawakejeli wale wafalme. Kwamba nilikuwa darasani, nilimsikia kwa masikio yangu, na darasa zima lilivunjika mbavu.

“Mi nilikuwaka pale nyumbani,” alisema mama. “Hakuchekaka.”

Na kweli hakucheka. Nilikumbuka ile sauti ikipenya ukutani wakati nasinzia, sauti nzito, nzuri, isiyo na kejeli hata chembe. Ningewezaje kumwambia mjane kwamba kile alichokisikia mume wake akikisema usiku baada ya usiku kilikuwa utangulizi wa kichekesho? Nikatoa simu, nikatafuta, nikamsomea kwa Kiswahili: kwamba siku hizi wanahistoria wanasema tezi zile hupungua zenyewe, kwamba wengi walirudi kwao wakiwa vilevile. Akaniuliza kama imeandikwa humo kwamba wafalme waligusa. Nikasema ndiyo, waligusa, miaka mamia na mamia, lakini. Akasema inatosha, nisimalize chaji.

Nilikuwa nimebakiwa na neno moja na nilikuwa nimeapa kutolitumia. Baba hakufika Uingereza. Tulimzika katika kambi ya wakimbizi, kipindupindu kilipoikumba, na alikufa kwa kukosa kitu rahisi kabisa, maji ya chumvi ya kuingizwa mshipani. Siku hiyo yalikuwa yamekwisha pale kambini. Nikamwambia mama: baba alikufa kwa kukosa dawa, na wewe unaletewa dawa bure hadi mlangoni unaikataa. Nilisema nikiwa nalia kwa hasira, nikaona mikono yake ikiacha kuchambua mchele.

“Papa yenu alikufa bila mutu kumugusa,” alisema. “Hata mimi balinikatalia. Balisema nitabeba ugonjwa. Nilimuona ku mbali.”

Akaendelea na mchele wake. Miaka yote hiyo nilidhani mimi na yeye tulizika kitu kimoja. Mimi nilimzika mtu aliyekosa dawa. Yeye alimzika mtu aliyekosa mkono.

Muuguzi wa TB, mama wa makamo mwenye moyo wa dhahabu, alikuja nyumbani mara kadhaa. Mama alimpenda. Alimtengenezea chai ya maziwa yenye tangawizi, akampigapiga begani, na kila mara alimwambia sentensi yake ya Kiingereza aliyojifunza kwa ajili hiyo tu: “No thank you, my dear, I am heal.” Muuguzi aliniuliza maswali nimuulize mama: je, anaelewa ugonjwa wenyewe, anaelewa kinachoweza kutokea, kuna mtu anamlazimisha? Nikatafsiri, na mama alijibu yote sawasawa, kwa utulivu, hata akataja uti wa mgongo. Mlangoni muuguzi alinishika mkono, akaniambia kwamba mama ana akili timamu, na mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa dawa. Ataendelea kuja, ataendelea kupiga simu, lakini hawezi kumlazimisha. Nikamuuliza ni nani anayeweza. Akasema hakuna.

Nilikaa kwenye ngazi baada ya yeye kuondoka. Baba alikuwa akifundisha, kwa furaha isiyofaa kwa mtu wa dini, siku ile Wafaransa walipomkata mfalme wao kichwa. Tangu siku hiyo, alikuwa akituambia, mwili wa mtu ni wa mtu mwenyewe. Hakuna wa kuugusa kwa amri. Nilikuwa msichana mdogo na niliona ni jambo zuri kuliko yote duniani. Sasa nilikuwa mwanamke mzima kwenye ngazi za nyumba ya kaunsili, ya kupangishwa na halmashauri, nikitamani atokee mtu yeyote, mwenye taji au asiye nayo, amwamuru mama yangu ameze.

Na aliyekuwepo alikuwa mmoja tu. Nikapanda basi hadi Saltley kumwona mchungaji.

Nilimkuta anapanga viti. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na hasira ya mtu aliyejiandaa ni ngumu kuirudisha mfukoni, lakini alinikatiza mapema. Alisema hajawahi kumwambia mtu yeyote aache dawa. Hakujua kwamba mama ameacha. Akakaa kwenye kiti kimojawapo na uso wake ukabadilika kabisa. Nikamwomba Jumapili asimame awaambie watu kwamba kuombewa si kuacha dawa. Kisha akasema anaogopa. Kuna wanawake wawili pale kanisani, mmoja ana sukari, walioanza kumnong'onea kwamba mkono wake umepakwa kweli. Yeye hakuutafuta mkono huo. Akisema Jumapili kwamba ni mkono tu, watauliza amefanya dhambi gani hata nguvu ikamtoka, na watatafuta mwingine, na huyo mwingine labda atawaambia watupe dawa kabisa.

Nikamkumbuka mfalme mmoja wa baba. Alikuwa na wanawake wengi kiasi kwamba hakuweza kuungama, na asipoungama hakustahili kugusa, basi akaacha. Watu wa Paris walikuwa wamemvumilia na wanawake wake. Walichoshindwa kumsamehe ni kuacha kuwagusa. Nilimsimulia mchungaji, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akaniuliza huyo mfalme aliishia wapi. Nikamwambia alikufa kitandani, wakamzika usiku kwa haraka, watu wakilitukana jeneza. Haikuwa faraja nzuri. Lakini alisema atakuja kwetu, siyo kanisani, nyumbani, na atamwambia mama mwenyewe.

Alikuja Jumamosi asubuhi kabla ya chai, kama nilivyomwomba, kwa sababu vidonge ni vya tumbo tupu. Mama alivaa kitenge chake cha kutokea. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni, vidonge kwenye kiganja cha mkono mmoja, glasi ya maji mkono mwingine, nikiwa na tumaini ambalo sikuwa nalo tangu ule ushuhuda. Shingo ya mama ilikuwa imevimba tena. Hata kitambaa hakikuweza kuficha.

Mchungaji hakuzungukazunguka. “Mama,” alisema, “kunywa dawa. Mungu njo alipatia baganga akili ya kuitengeneza. Mi mwenyewe minakunywaka ya tension, ya damu kupanda, kila asubui. Ule mukono ni wangu tu, mama. Ni mukono ya mutu.”

Nilipiga hatua moja mbele na ile glasi.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nilidhani anafikiri, na labda alikuwa anafikiri, ila si juu ya vidonge. Uso wake ulijaa huruma, ile huruma ninayoikumbuka tangu nikiwa na surua, ambayo sikuwahi kuiona ikienda kwa mtu asiye mtoto wake.

“Pasteur,” alisema, “nani alikuvunja imani?”

Mchungaji akaanza kurudia habari ya dawa, mama akamkatiza kwa mkono.

“Piga magoti, mwanangu,” alisema mama.

Na akapiga. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mama ni mkubwa kwake, na sisi hatukulelewa kumkatalia mzee aliyesema hivyo. Labda kwa sababu alikuwa amechoka kugusa watu na hakuna aliyewahi kumgusa yeye. Yule mwanamume mzima aliweka magoti kwenye zulia letu, na mama akaweka mkono wake juu ya kichwa chake na kuomba kwa sauti, Kiswahili kikichanganyika na Kimashi cha kwao, akimwombea mtumishi huyu arudishiwe nguvu zake zilizoibwa na shetani. Mama alipomaliza, mchungaji akasema amina. Hakuisema kwa adabu. Aliisema kama mtu aliyepewa kitu, na hapo nikajua kwamba nimempoteza na yeye pia.

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Aliniambia nimsamehe, nikasema hakuna cha kusamehe, na nilikuwa namaanisha, hilo ndilo lililoniuma. Niliporudi sebuleni mama alikuwa amekaa, kitambaa kimelegea, uvimbe uko wazi, anatabasamu. Sijamwona na furaha kiasi kile tangu tulipotoka Bukavu. Akanyoosha mkono kwangu, na moyo wangu, mjinga, ukaruka. Nikamsogezea vyote viwili, vidonge na glasi. Akachukua glasi. Kuomba kunakausha koo, akasema. Akanywa maji yote, taratibu, mpaka tone la mwisho, akanirudishia glasi tupu na kuniuliza mbona nimesimama muda wote, nikae na mimi, chai iko tayari.

Nikakaa. Vidonge vilikuwa vimeanza kulainika kwa jasho, rangi yake imenishika kiganjani.